Waya wa klachi umekatika mara tatu: nibadili mwenyewe au tufungue injini?

"Shikamoo fundi. Naendesha Boxer 150 ya mkataba, kijiwe changu kipo Kibada, Kigamboni. Waya wa klachi uliokuja na pikipiki ulidumu karibu miaka miwili. Mwezi wa tatu nilianguka kwenye mchanga, mkono wa klachi ukavunjika, nikafunga mwingine wa dukani pamoja na waya mpya. Waya huo ukakatika baada ya miezi miwili. Nikaweka mwingine, nao haukumaliza mwezi. Wa tatu umekatika juzi nikiwa na abiria, karibu na daraja. Zote zinakatikia juu, pale waya unapoingia kwenye mkono. Fundi wa hapa kijiweni anasema klachi imekufa na ndiyo inayokata waya, kwa hiyo lazima tufungue injini tubadili klachi pleti zote. Hela hiyo sina, na rejesho la wiki linanisubiri. Naweza kubadili waya mwenyewe nyumbani bila kuharibu kitu? Nikiukaza vizuri hautakatika tena? Na kuna ubaya gani nikiendesha bila klachi mpaka nipate hela?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Kukwama na abiria karibu na daraja huku malori yanakupita kwa kasi si jambo dogo. Nashukuru mlitoka salama.

Nianze na lile unalotaka kulijua haraka. Ndiyo, waya wa klachi unaweza kuubadili mwenyewe nyumbani. Injini haifunguliwi, oili haimwagwi, na mtu anayefanya kwa mara ya kwanza bila papara anamaliza ndani ya saa moja. Lakini ukifunga waya wa nne kama ulivyofunga wa tatu, nao utakatika. Waya wa kwanza ulidumu miaka miwili kwenye barabara zile zile na mchanga ule ule. Kuna kitu kilibadilika mwezi wa tatu, na umekitaja mwenyewe kwa kupita tu: mkono wa klachi. Ulianguka, ukafunga mkono mwingine wa dukani, na tangu siku hiyo nyaya zinakatika, zote juu, zote pale pale. Kabla mtu hajagusa injini yako, tuuangalie kwanza huo mkono.

Tuelewane waya huu unafanya kazi gani. Ndani ya injini kuna sahani za klachi, ndizo hizo klachi pleti, zilizopangwa kwa kupishana, moja ya msuguano, moja ya chuma kitupu, na kuendelea hivyo. Springi zinazibana pamoja muda wote, na zikiwa zimebanwa ndipo nguvu ya injini inapita kwenda kwenye gia, mnyororo na tairi. Ukivuta mkono wa klachi, waya unavuta kikono kidogo cha chuma kilichochomoza kwenye injini, mara nyingi upande wa kulia, jirani na kiki. Kikono kinazunguka kidogo, kinasukuma kwa ndani, sahani zinaachana, na injini inabaki ikizunguka peke yake bila kupeleka nguvu kwenye tairi. Mwendo wote wa waya hapo ni kama sentimita moja hivi. Mwendo ni mfupi, ila nguvu inayopita ni kubwa, maana uzito wote wa zile springi unabebwa na nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja.

Sasa njoo juu, kwenye usukani. Mwisho wa waya una kichwa kidogo cha mviringo kinachokaa kwenye tundu la mkono wa klachi. Wengi wanadhani kazi ya tundu hilo ni kukishika kichwa kisitoke. Hiyo ni nusu ya kazi yake. Nusu nyingine ni kukiacha kichwa kizunguke. Mkono unapokuja kwako unabadilisha pembe, na kichwa kinatakiwa kijigeuze ndani ya tundu ili waya ubaki umenyooka unapovutwa. Tundu likiwa jembamba, au lina kutu, au lina kingo za chuma ambazo kiwanda hakikuzisafisha, kichwa kinang'ang'ania. Kisipozunguka chenyewe, kinachopinda ni waya, pale shingoni unapotokea kwenye kichwa. Chukua waya wa hanga uupinde huku na huku sehemu moja, utaona: haukatiki kwa kuvutwa, unakatika kwa kupindwa. Mpanda bodaboda anakamata klachi mara nyingi mno kwa siku, kwenye matuta, kwenye mataa, kwenye foleni ya pantoni, na kila mara shingo ile inapinda. Uzi mmoja unakatika, kesho mwingine, zilizobaki zinabeba mzigo wa zilizokufa, mpaka siku moja mkono unakuja mtupu kwenye kiganja.

Ndiyo maana namwambia kila anayeniletea waya uliokatika asiutupe. Mahali ulipokatikia ndiyo habari yenyewe. Ukikatikia juu shingoni, shida ipo kwenye mkono wa klachi au kishikio chake kwenye usukani. Ukikatikia chini, tazama kikono cha injini na kibano kinachoshika ganda la waya, yaani ule mrija wa nje ambao waya unapita ndani yake. Pengine kikono kimekaa kwa pembe mbaya na waya unavutwa kwa upande. Ukikatikia katikati, ndani ya ganda, basi ganda limepinda kwa kona kali, limebanwa na kitu, limeungua kwa joto la injini, au maji yameingia na kutu imekula waya polepole. Chukua ule wa juzi uutazame kwenye mwanga. Kama nyuzi zimekatika kwa hatua, nyingine ncha zake zimefifia na kushika kutu, nyingine bado zinang'aa, ujue zimekufa moja moja kwa siku nyingi, na wewe ulikuwa ukiendesha juu ya nyuzi chache zilizobaki.

Fundi wako sitaki kumvunjia heshima, kwa sababu kuna mlango mmoja ambao anaweza kuwa na ukweli. Klachi pleti zilizochakaa hazikati waya. Zikichakaa, klachi inateleza: unaongeza moto, injini inalia juu, spidi haipandi, hasa ukiwa na abiria au kwenye mlima. Hujaniambia kwamba pikipiki yako inafanya hivyo. Kinachoweza kuongeza mzigo kwenye waya ni kile kikono cha injini kikishika kutu kwenye ekseli yake na kuwa kizito, na kwa pikipiki inayolala nje jirani na bahari, hilo si la kupuuza. Lakini hilo tunalipima bure kabla ya kulilipia. Waya ukiwa umetoka, shika kikono kwa vidole ukisukume kuelekea upande ambao waya unakivuta. Mwanzoni kitakwenda chepesi, mwendo mdogo tu, halafu kitagota kwenye ugumu wa springi. Hapo ndipo klachi yenyewe inapoanza. Ukikiachia kirudi chenyewe bila kusita. Kikiwa kinakwaruza ule mwendo mwepesi wa mwanzo, au kinabaki pale ulipokiacha, fundi ana hoja, nawe unatakiwa kushughulikia kikono. Hata hapo, kazi ni ya kikono na sili yake, siyo lazima ununue sahani zote.

Swali lako la pili, kwamba ukiukaza vizuri hautakatika tena, limebeba dhana ninayoisikia kila kijiwe, na inawagharimu watu injini. Waya wa klachi haukazwi kama kamba ya kufungia mzigo. Lazima uachwe na mchezo kidogo, yaani mkono uende mtupu kidogo kabla haujaanza kuvuta. Vitabu vya watengenezaji wengi wa pikipiki za aina hii vinataja milimita 10 hadi 20, zikipimwa kwenye ncha ya mkono. Upana wa kidole kimoja hivi. Sababu yake iko ndani. Sahani zinavyopungua unene, kile kikono cha injini kinasogea taratibu upande wa kuumaliza mchezo huo. Ukiuondoa wote wewe mwenyewe kwa kukaza, unakuwa umeshika klachi nusu muda wote hata vidole vikiwa mbali. Springi hazibani kikamilifu, sahani zinateleza, zinaungua, halafu kweli utazinunua. Waya uliokazwa mno nao hauna pa kupumzika, na usukani ukikata kona unavutika zaidi. Kwa hiyo kama ulikuwa unakaza kila unapohisi klachi "imelegea", acha. Ukilazimika kukaza kila baada ya siku mbili tatu, waya unakuambia nyuzi zinakatika. Fungua uangalie.

Sasa tununue. Ukienda Kariakoo, nenda na waya wa zamani mkononi, wote, pamoja na kipande kilichobaki kwenye mkono. Usikubali kuambiwa "huu ni wa Boxer" ukaondoka. Sema Boxer 150, kisha ulinganishe mwenyewe juu ya kaunta. Vitu viwili ndivyo vya kupima: urefu wa ganda, na urefu wa waya wa ndani unaochungulia nje ya ganda. Vyote vifanane na wa zamani. Ganda likiwa fupi, litavutika usukani ukigeuka. Waya wa ndani ukizidi, nati za kurekebishia zitaisha kabla hujapata mchezo unaoutaka. Linganisha vichwa vya juu na chini, na uzi wa nati. Halafu kunja waya uwe duara kubwa, shika kichwa kimoja uvute na kurudisha. Uteleze laini. Ukikwaruza mpya, ukiwa bado mkavu na safi, fikiria utakavyokuwa baada ya mvua za masika. Waulize wenye duka kama wana halisi na wa kuiga, na kama tofauti ya bei unaimudu, chukua halisi. Wa kuiga si lazima uwe mbovu, ila kichwa chake mara nyingine kimemwagwa ovyo, kimebaki na kingo kali zile zile zinazouumiza waya.

Ukiwa bado dukani, fanya jambo moja ambalo naamini ndilo litakalomaliza tatizo lako. Beba mkono wako wa klachi, ule uliofunga mwezi wa tatu. Unatoka kwa bolti moja na nati yake ya chini. Tumbukiza kichwa cha waya mpya kwenye tundu lake. Kizungushe kwa vidole viwili. Kinatakiwa kizunguke bila nguvu yoyote, na kisichezecheze huku na huku pia. Kikigoma, una njia mbili. Ya kwanza, kukwangua tundu kwa msasa laini ulioviringishwa kwenye kijiti, taratibu, ukijaribu kila baada ya muda mfupi, na kulainisha kingo za ule mfereji ambao waya unapitia. Ya pili, kununua mkono mwingine unaolingana. Kama huu wa sasa umbo lake halifanani na la ule uliovunjika, nakushauri hiyo ya pili. Mkono ambao tundu lake limekaa mbali zaidi au karibu zaidi na bolti unabadilisha uzito wa klachi na mwendo wa waya, na msasa hauwezi kurekebisha hilo. Kagua na tundu la bolti: mkono ukipanda na kushuka kwa kuchezacheza, waya unavutwa kwa mshazari kila mara. Na kwa kuwa ulianguka, tazama kishikio chenyewe kwenye usukani kama kimepinda au kina ufa.

Nyumbani, acha injini ipoe kabisa. Weka pikipiki kwenye stendi ya kati, mahali penye mwanga. Andaa spana namba 10 na 12, na 14 iwe karibu, plaisi, kitambaa, grisi kidogo. Kisha, kabla hujalegeza hata nati moja, toa simu upige picha njia yote ya waya: unapopita mbele ya usukani, unapoingia chini ya tenki, unapoteremka kwenye injini, na kila kibanio kilichoushika. Watu wanaruka hatua hii kisha wanapitisha waya njia yao wenyewe. Njia ya kiwanda imekwepa kichwa cha injini na bomba la moshi, na imeacha nafasi ya usukani kugeuka. Uifuate hiyo hiyo. Njia rahisi ni kulaza waya mpya pembeni ya wa zamani, sambamba, kupitia vibanio vile vile, halafu ndipo uutoe wa zamani.

Kutoa ni hivi. Juu, rudisha kifuniko cha mpira, legeza nati ya kufungia, kisha zungusha ile ya kurekebishia mpaka mfereji wake uwe mstari mmoja na mfereji wa kishikio na wa mkono. Waya utatokea hapo kwa kuuvuta kando, na kichwa utakidondosha chini. Chini, kwenye injini, legeza nati mbili zinazobana ganda kwenye kibano chake, upate ulegevu, kisha ukitoe kichwa kwenye kikono. Baadhi ya vikono vina ulimi mdogo wa chuma uliokunjwa ili waya usichomoke. Unyanyue taratibu kwa plaisi na usiukunje mara nyingi, utakatika. Waya ukiwa nje, hapo ndipo unapofanya kile kipimo cha kikono nilichokueleza.

Kurudisha, anza juu. Zungusha nati ya kurekebishia ya juu mpaka ndani kabisa ili upate ulegevu wa kutosha, paka grisi kidogo ndani ya tundu la mkono na kuzunguka kichwa, kikalishe, kisha ushuke chini ukafunge kwenye kikono na kibano. Baada ya kichwa kukaa, zungusha nati ya juu kidogo ili mfereji wake usielekeane tena na mfereji wa kishikio. Ni jambo dogo ambalo wengi wanalisahau. Mifereji ikibaki mstari mmoja, waya unaweza kuchomoka wenyewe kwenye mtikisiko, na maji ya mvua yanapata mlango wa kuingilia moja kwa moja kwenye ganda.

Urekebishaji mkubwa ufanyie chini, kwenye nati za injini, mpaka mchezo ukaribie upana wa kidole. Nati ya juu iachie nafasi kubwa ya kuzunguka, iwe ya marekebisho madogo ya baadaye. Ukishapata mchezo, kaza nati za kufungia. Usizilazimishe, uzi wa alumini hausamehe. Kisha geuza usukani mpaka mwisho kushoto, ujaribu mchezo, na mpaka mwisho kulia, ujaribu tena. Ukiona mchezo unapotea upande mmoja, waya umebanwa au umepita njia fupi. Rudi kwenye picha zako.

Washa injini ikiwa frii, bado juu ya stendi ya kati, tairi la nyuma halijagusa chini na hakuna mtoto karibu. Kamata klachi mpaka mwisho, ingiza gia ya kwanza. Tairi linaweza kuzunguka polepole kwa sababu ya oili iliyopo kati ya sahani, na hilo ni la kawaida. Kanyaga breki ya nyuma: tairi lisimame na injini iendelee kunguruma. Injini ikizima au ikitaka kuzima, klachi haiachii vizuri, punguza mchezo kidogo. Kisha jaribu barabarani, barabara ya ndani isiyo na magari, peke yako. Gia ya tatu, ongeza moto ghafla. Injini na spidi vinatakiwa kupanda pamoja. Injini ikipanda peke yake, mchezo ni mdogo mno, ongeza. Baada ya siku chache za kazi pima tena, maana waya mpya hunyooka na kukaa sawa, na mchezo huongezeka kidogo. Hiyo ni mara moja. Haitakiwi kuwa kila wiki.

Kuhusu kuendesha bila klachi: inawezekana kimitambo, na najua wapo wanaokusimulia kwamba wamefika kwao kutoka Mbagala au Posta bila waya. Ukishakuwa kwenye mwendo, ukilinganisha mzunguko wa injini, gia inaweza kuingia. Shida ni kuondoka na kusimama. Kuondoka utaingiza gia ya kwanza kwa kishindo huku unasukuma, na kishindo hicho kinabebwa na meno ya gia na mnyororo. Kusimama kunahitaji uwe umeshapata frii kabla hujafika. Ukikosa, unachagua kati ya kuzima injini katikati ya njia au kusukumwa mbele. Mtoto akikatiza pale Kibada, au daladala ikafunga breki mbele yako, huna sekunde ya kutafuta frii. Kwa kazi ya abiria, hapana. Sikushauri hata safari moja, na mtu uliyempakia hajui kwamba pikipiki haina klachi. Waya ukikatika ukiwa unatembea, funga moto, bonyeza swichi ya kuzimia injini, tumia breki zote mbili taratibu na uelekee pembeni. Sukuma, au omba mwenzako akuletee waya.

Kwa dharura kuna kile kipande kidogo cha shaba chenye skrubu kinachobana ncha ya waya badala ya kichwa. Weka kimoja chini ya siti. Kitakufikisha nyumbani kama waya umekatikia shingoni na umebaki na urefu, lakini kinakwangua nyuzi na hakizunguki vizuri kwenye tundu, kwa hiyo kazi yake iishie siku hiyo hiyo. Bora zaidi kwa mtu wa mkataba kama wewe, ambaye siku moja bila kazi inauma, ni kulaza waya wa akiba uliozibwa ncha zote mbili kwa nailoni na utepe, sambamba na unaotumika. Ukikatika, unahamisha vichwa tu.

Mafuta nayo yana maneno mengi mitaani. Grisi usiingize ndani ya ganda. Inakamata vumbi, na vumbi la Kigamboni ni mchanga. Ukichanganyika na grisi unakula waya na ganda pamoja. Oili chafu ya injini vivyo hivyo. Nyaya nyingi za sasa zina bomba la plastiki ndani ya ganda na hazidai mafuta mengi. Matone ya oili nyepesi kama ya cherehani yanatosha. Funga kona ya mfuko wa nailoni kwenye ncha ya juu ya ganda, mimina kidogo, acha ishuke mpaka uone unyevu chini. Ufanye kabla ya masika na kabla ya vuli. Tundu la mkono ndilo linalohitaji grisi, na hilo lifutwe na kupakwa upya kila unapofanya sevisi ya oili. Kwenye kuosha, mwambie kijana wa presha asielekeze maji kwenye ncha za waya na vifuniko vya mpira. Vifuniko hivyo vikipasuka, badili. Maji yakipita hapo kutu inaanzia ndani, mahali ambapo huioni.

Yapo mambo ambayo nyumbani usiyaguse. Kikono cha injini kikiwa kizito au kinachezacheza, oili ikichuruzika kwenye shina lake, klachi ikiendelea kuteleza wakati mchezo upo sawa, gia zikilia kuingia hata baada ya kurekebisha, au uzi wa kishikio ukiwa umekwisha, nenda kwa fundi. Kabla hujaruhusu injini ifunguliwe kwa sababu ya kuteleza, mweleze ni oili gani unayotumia. Klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze. Oili ya pikipiki ina alama ya JASO MA kwenye kopo. Kubadili oili ni nafuu kuliko kubadili sahani, na wakati mwingine kunatosha.

Ikifika kufunguliwa, kaa hapo hapo utazame. Mwombe fundi akupangie sahani zote juu ya kitambaa. Za msuguano azipime unene na kulinganisha na kipimo cha mtengenezaji. Zikiwa zimeungua utasikia harufu kabla hata hajakueleza. Za chuma ziwekwe juu ya kioo zionekane kama zimepinda, na zilizogeuka rangi ya bluu zimepata moto mwingi. Anapofunga bolti za springi, akaze kidogo kidogo kwa kupokezana, na gasketi iwe mpya. Zikiwa sahani zako zina unene wake na hazina alama yoyote, zirudishwe zile zile, na rejesho lako la wiki lilipwe kwanza.